Nishani za Baba Virginie

Watoto kumi na mmoja si mchezo. Constantin Kasonde alikuwa nao wote, wazima na wenye njaa, na mwaka ule wa 1951, katika nyumba yake ya vyumba viwili pale Cité Albert, Élisabethville, aliachiwa nao peke yake kwa mara ya kwanza. Mkewe Laurentine alikuwa anakwenda Pweto kumuuguza mama yake, mwezi mzima.

Mguu mmoja ukiwa tayari juu ya kamyo, lori la safari, Laurentine aligeuka.

"Baba Virginie, unisikie muzuri. Nikirudia nakuta nyumba ineharibika, muzigo sifungule. Nageuka na kamyo ile ile."

Constantin alicheka, kama wanaume wanavyocheka wakiogopa. Laurentine hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Mwaka wa ndoa yao alisema hatapika kwenye jiko linalotoa moshi, na kweli hakupika, wakala karanga siku nne mpaka mume akajenga jiko jingine.

Siku tatu za mwanzo hakuna mtoto aliyeinua hata kijiko. Ukimwambia Adalbert afagie, anasema zamu ni ya Godefroid. Godefroid anamtaja Delphine, Delphine anamtaja mwingine, na amri inazunguka nyumba nzima hadi kumfikia Mukuka wa miaka miwili, ambaye hakukataa kwa sababu hakujua kusema.

Siku ya nne, kwenye karakana ya reli alikofanya kazi, Constantin alimwona fundi mmoja mzee akivishwa nishani kwa miaka ishirini ya utumishi. Mzee yule alilia machozi mengi. Constantin akakitazama kile kipande cha chuma: hakiliwi, hakifuniki mgongo, na bado mtu mzima mwenye wajukuu analia. Basi akili ikamfunguka pale pale, au ndivyo alivyodhani maskini.

Jioni hiyo alikata makopo ya sardini kwa mkasi wa bati, akatoboa tundu, akatia uzi mwekundu. Akawapanga watoto mstari. Kila kazi, nishani moja. Mwenye nyingi kuliko wote, Jumapili atakalia kiti cha baba, kile chenye mikono, atakula bukari, ugali wake, kwa uma, na wenzake watasimama wakimtazama. Virginie, binti mkubwa, akapewa ukapita, yaani unyapara wa kusimamia wenzake.

Siku mbili tatu zilikwenda vizuri ajabu. Baba alirudi akakuta ua umefagiliwa, sufuria zinang'aa, pipa la maji limejaa pomoni. Alitembea mtaani kifua mbele, akiwashauri watu ambao hawakumwomba ushauri.

Shida ni kwamba kazi za nyumba zina mwisho, na tamaa haina. Siku ya tano ya nishani hakukuwa na kazi tena, bali watoto kumi na mmoja wenye uchu. Adalbert akawa anajaza pipa kwa mbele, Godefroid analimwaga kwa nyuma, ati anamwagilia bustani. Bustani yenyewe haikuwapo. Wote wawili walilipwa nishani. Delphine alipokosa sufuria chafu, alizipaka masizi kusudi apate za kusugua, akasugua ile kubwa ya bukari mpaka kitako kikatoka. Na ua! Ua ulifagiliwa mara nane kwa siku, udongo ukaondoka na fagio, kizingiti kikabaki juu hewani, ikawa lazima Mukuka abebwe ndipo aingie ndani.

Kazi zikavuka hadi kwa jirani. Mama Kulthumu, mke wa fundi cherehani, watu wa Maniema, alikuja mlangoni na kuku kwapani.

"Baba Virginie, batoto bako banasafisha kuku yangu na sabuni. Kuku eko nakohoa!"

"Ni moyo wa kazi, mama," alijibu Constantin kwa fahari.

Virginie naye alikwishagundua siri ya ukapita, kwamba kapita hashiki fagio. Wadogo zake hawakuwa wajinga. Annie akalia kutaka ukapita, akapewa. Dominique akalia, akapewa. Constantin hakuweza kuhimili kilio. Wiki ya tatu nyumba ilikuwa na makapita tisa na inspekta mmoja. Mfanyakazi alibaki Mukuka, aliyehamisha kijiwe kimoja kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, kutwa nzima, huku amebeba nishani nyingi hivi kwamba akianguka hakuweza kuinuka mwenyewe.

Laurentine alirudi Jumamosi mchana, mzigo wa samaki wakavu kichwani, vumbi la safari hadi kwenye kope. Alisimama uani. Aliiona nyumba yake iko kilimani, akaona sufuria isiyo na kitako, matope nyuma ya nyumba, na wanawe wamesimama mstari vifua vikilia cha-cha-cha kwa nishani. Wanne wakamrukia miguuni kumvua viatu, wakagombania kile cha kushoto, nusura wamwangushe.

"Baba Virginie, hii ni nini?"

"Medayi, mama. Voilà, sasa banatumika bote!"

Laurentine alienda kwenye pipa, akachungulia. Kavu.

"Niko na kiu. Mayi iko wapi?"

Adalbert akauliza kwa adabu zote: "Mama, kuteka mayi ya kunywa, ni medayi ngapi?"

Laurentine alimtazama mumewe, na Constantin akaona kwamba mkewe hakukasirika, amechoka tu. Hilo lilimtisha kuliko hasira.

"Kamyo iko bado ku soko," alisema taratibu. Mzigo alikuwa bado nao kichwani.

Constantin alifungua kinywa amwamuru Virginie, amwamuru Annie, amwamuru Dominique, na mwisho wa msururu wote ule akamwona Mukuka na kijiwe chake. Akachukua ndoo, akatoka.

Mwanaume wa reli, mwenye tai, kwenye robine, bomba la maji la wanawake, jua likiwaka! Wanawake wakaangua kicheko kilichosikika mtaa wa pili. Kwa mazoea alienda moja kwa moja mbele ya foleni. Mama Kulthumu akanyoosha mguu kumzuia.

"Kapita ni ku kazi, baba. Hapa, nyuma."

Akaenda nyuma. Alingoja nyuma ya wanawake kumi na wanane, na wengine waliopita wakamwita mama Constantin. Zamu yake ilipofika, walimsokotea kata, wakamtwika. Watoto wote walikuwa wamemfuata kutazama kioja hicho, nao hawakuwa wanacheka. Delphine alikuwa ameleta ile sufuria isiyo na kitako, akaikinga kwenye robine kwa bidii, maji yakapita.

Alifika nyumbani na nusu ndoo, nusu nyingine imo ndani ya viatu vyake. Akachota kikombe, akampa mkewe kwa mikono miwili.

Laurentine alikunywa amesimama, mzigo kichwani. Akaomba cha pili, akanywa polepole zaidi. Kamyo ilipiga honi huko sokoni. Alimwangalia mumewe aliyelowa chapachapa, kisha akainamisha kichwa kidogo upande wake.

"Unitule muzigo," alisema.