Nilikwama uwanja wa ndege Malaysia kwa kutojua jina la jirani yangu

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni, wadogo shikamoo zenu nimeshazipokea.

Haya yamenikuta mwenyewe, na mama watoto yuko hapa pembeni anachungulia ninachoandika ili nisiongeze chumvi. Kwa hiyo mtapata ilivyo.

Mimi ni fundi mageti, naishi Tabata Segerea. Jirani yangu tunayegawana naye ukuta ni Mama Rehema. Yeye ni mtu wa Masasi, Mwanglikana. Mimi Mzaramo, Muislamu. Tumeishi pale tangu maji tunafuata kwa ndoo, na tumekuwa ndugu kabisa.

Binti yake, Rehema, amekulia kwangu sawa na alivyokulia kwao. Baba yake alifariki akiwa bado anasoma, ikawa mimi ndiye naenda vikao vya wazazi shuleni.

Rehema akaenda Malaysia kusoma, akapata kazi, akapata na mchumba wa hukohuko. Mama yake akatangulia kwenda kusaidia maandalizi. Halafu jioni moja bibi harusi akanipigia.

"Baba Mwajuma, mie bila wewe kanisani siingii. Nani atanishika mkono?"

(Mwajuma ni binti yangu wa kwanza. Mtaa mzima unaniita hivyo.)

Nilijikaza nisilie kwenye simu, nikashindwa.

Harusi yenyewe ilikuwa ndogo, haina kadi, tuliitana kwa simu tu. Mwajuma akanikatia tiketi, akanijazia mambo ya mtandaoni, akaweka anwani ya nyumba nitakayofikia. Viza haikuwa ishu.

Ya kwenye ndege sitawachosha nayo. Niseme tu kwamba mkanda niliufunga Dar na sikuthubutu kuufungua hadi abiria wenzangu walipoanza kwenda chooni ndipo nikajua inaruhusiwa.

Sasa tumetua. Nikafika dirisha la uhamiaji, nikamkuta mama mmoja wa makamo kavaa hijabu. Nikajipa moyo. Nikatoa salamu, akaitikia vizuri tu. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini tulielewana.

"Umekuja kufanya nini?"

"Harusi ya binti yangu."

"Binti anaitwa nani?"

"Rehema."

"Rehema nani?"

Wakuu, hapo ndipo jasho lilipoanza.

Rehema nani? Sijawahi kujiuliza. Kwangu Rehema ni Rehema, basi. Shuleni nilikuwa nikifika getini naye ananikimbilia mwenyewe.

"Baba yake anaitwa nani?"

"Baba Rehema."

Akaacha kuandika. "Si umesema ni binti yako?"

"Ndiyo. Ila baba yake ni jirani. Marehemu."

"Na mama yake?"

Nadhani mnajua nilijibu nini.

Msinicheke. Wewe unayesoma hapa, mama mwenye nyumba wako unamjua jina? Muuza duka je, tofauti na Mangi? Mtaani kwetu majina kamili tunayasikia msibani, siku historia ya marehemu inasomwa. Na siku ya msiba wa Baba Rehema mimi nilikuwa nyuma nahangaika na maturubai na masufuria ya kukodi, historia ikasomwa sipo.

Yule mama akauliza harusi inafungwa wapi. Nikasema kanisani. Akaangalia pasipoti: Shabani Athumani. Akaniangalia mimi.

Jipangie mwenyewe: Muislamu, katoka Afrika, anakwenda kanisani kumkabidhi binti ambaye si wake, na hajui jina la baba, la mama, wala la pili la binti. Hata mimi ningejikamata.

Nikapelekwa chumba cha pembeni. Akaja afisa mwingine, kijana, akasema kwa upole kabisa kwamba kama hakuna wa kunithibitisha nitarudishwa na ndege inayofuata.

Harusi ilikuwa kesho yake asubuhi.

Wakuu, kurudishwa si kitu, ningerudi zangu Segerea nikachomelee mageti. Kilichonimaliza ni kumfikiria yule mtoto amesimama mlangoni pa kanisa na shela lake, anaangalia barabarani, na mtu wa kumshika mkono hayupo. Nikakaa chini bila kuambiwa.

Yule mama wa hijabu akaja, akaomba simu yangu ampigie mwenyeji. Nikamtafutia namba, imeandikwa "Mama Rehema Jirani". Akapiga, akaweka sauti ya nje. Walikuwa hapohapo nje ya uwanja wananisubiri, na simu ya mama akaipokea Rehema. Nikasema alhamdulillah, yameisha.

"Mnamsubiri nani?" yule mama akauliza.

"Baba Mwajuma."

"Jina kamili."

Nikamsikia anauliza kwa Kiswahili, "Mama, hivi Baba Mwajuma anaitwa nani?"

"Si Baba Mwajuma?"

"Jina la kwenye pasipoti, mama!"

"Mh! Nadhani Juma."

Nikafumba macho.

Yule mama akamwambia, "Hapa nina mtu anaitwa Shabani Athumani."

Rehema akajibu bila kusita, "Shabani? Hapana, huyo hatumfahamu."

Nilifungua mdomo nipige kelele, afisa akaninyooshea mkono ninyamaze. Nilikuwa nalia bila sauti, mtu mzima na mvi zangu.

Sasa sijui yule mama aliona nini usoni kwangu. Akamwambia Rehema, "Huyo mnayemsubiri yukoje? Nielezee."

Mtoto akaanza. Mfupi. Kidole cha shahada cha kushoto hakina ncha, kilikatwa na mashine siku anatengeneza geti letu. Miwani yake mguu mmoja umefungwa waya, kila mwaka anasema atanunua mpya. Nyanya mbichi hali. Akiwa na wasiwasi anajikuna sikio.

Yule mama akanitazama. Mkono ulikuwa sikioni, na kilichokuwa kinakuna ni kile kidole kisicho na ncha.

Akanigeukia. "Na wewe nielezee huyo binti."

Nikasema ana kovu chini ya kidevu, alidondoka kutoka juu ya simtanki langu la maji akifuata embe. Nikasema alikuwa akiogopa radi anaruka ukuta kuja kwangu hata kama mama yake yupo. Nikasema baba yake alikata roho mkononi mwangu, ndani ya bajaji, tukimkimbiza hospitali, na aliniomba nimwangalizie mtoto.

Hapo katikati Kiingereza kiliniishia. Nikamalizia kwa Kiswahili, na Rehema kwenye simu akawa anamtafsiria afisa huku analia.

Yule mama akachukua pasipoti, akagonga muhuri.

"Nenda kamkabidhi binti yako," akasema. "Ila kwanza muulizane majina."

Nje tulikumbatiana watatu. Mama Rehema alicheka hadi akakaa juu ya begi langu. Kwenye gari nikamwambia, "Jirani, leo nambie." Anaitwa Agnes. Nikauliza na la mwenzetu aliyetangulia. Akasema, "Stefano. Stefano Chilumba."

Nikawa nalirudiarudia njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani.

Kesho yake, kasisi akauliza nani anayemtoa binti huyu. Nikajibu kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma: "Mimi Shabani Athumani, kwa niaba ya rafiki yangu Stefano Chilumba."

Rehema akanibana mkono. Mama yake akainamisha kichwa, mabega yakawa yanacheza.

Nilichojifunza: unaweza kumjua mtu hadi anavyojikuna sikio, na bado jina lake ukaja kuulizwa na mgeni ukabaki unatoa macho.

Nimerudi Segerea wiki iliyopita na nimeanza kupita mlango kwa mlango. Watu wananishangaa, wanadhani nagombea uenyekiti wa mtaa. Fundi baiskeli tunayemwita Mjomba, ambaye nimemsalimia kila asubuhi miaka yote hii, kumbe ni wajina wangu.

Mkuu, kabla hujakomenti, toka nje ukamuulize jirani yako anaitwa nani. Halafu njoo utwambie hapa alivyokuangalia.