Mzigo Wenye Miguu

Kuna watu hapa Kasongo ambao hawawezi kunisalimu bila kucheka, na mimi huwaacha wacheke kwa sababu najua wanachekea nini. Leo nitaisema habari hii mwenyewe, maana wengi wenu mmeisikia kwa midomo ya watu ambao hata hawakuwapo, na nitaisema yote, pamoja na ile sehemu ya makalio ambayo mke wangu hapendi niitaje mbele ya wageni.

Kwanza sifa zangu, maana aibu ya mtu asiye na sifa haina uzito. Mimi sikusomeshwa na baba (alifariki meno yangu ya kwanza hayajang'oka), wala na mjomba, wala na padri. Nilivuka ziwa Tanganyika na shuka moja, nikafika Kigoma kwa Waingereza, nikapanda gari moshi mpaka Tabora, nikafagia wodi za hospitali miaka miwili, nikaosha vidonda vya watu miaka mitatu, nikisoma kila nilipopata taa ya kuazima, hadi nikafanya mtihani wa uuguzi nikapewa diploma yenye muhuri mwekundu na jina langu katikati. Tulikuwa kumi na mmoja, mimi nikatoka wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa karani aliyetunza karatasi za mtihani, kwa hiyo pimeni wenyewe.

Basi nikarudi. Diploma niliiviringisha nikaitia katika kopo refu la bati, nikalifunga mfuniko kwa nguvu, nikalitundika shingoni kwa kamba. Nilikuwa nimemtumia mama salamu kwa mchuuzi mmoja: "Mwambie mwanawe anarudi, na maisha yake yote yamo ndani ya kopo la bati." Dukani kwa Mhindi mmoja wa Kigoma nikanunua kofia ya jua, ile nyeupe ngumu ya Wazungu, na kola iliyotiwa wanga hata ikasimama kama ukuta. Ile kola ilinikwangua shingo tangu kwenye meli, na siku ya tatu shingo ilikuwa imevimba pande zote mbili, lakini je, ningeivua? Mtu hatoki ng'ambo akarudi kwao shingo wazi.

Lori lililotuchukua kutoka ziwani likazama kwenye tope kabla ya mto Luama. Nikashika njia kwa miguu, begi kichwani juu ya ile kofia (msicheke bado), na nilipokaribia kijiji kimoja cha upande wa huku wa mto nikaliteremsha begi, nikajipangusa, nikaingia nikitembea polepole kama mtu anayekagua.

Siku hizo nchi ilikuwa ya Wabelgiji, na Serikali yao tuliiita Bula Matari, jina ambalo ukilitaja njiani wanaume waliingia porini na wanawake wakazima moto. Kumbe kapita, yaani msimamizi wa kijiji kile, alikuwa ameambiwa kwamba mtu wa Serikali anapita siku ile au kesho yake, awe na kipoyi tayari. Kwa asiyekijua kipoyi, ni kiti kilichofungwa juu ya fito mbili ndefu, wanaume wanne wanakibeba mabegani, na Mzungu amekaa juu anapunga nzi. Kapita akaiona kofia kwa mbali. Akatoka mbio, akafunga vifungo vya koti njiani, na aliponifikia akaniangalia uso, akaiangalia kofia, akauangalia uso tena.

"Bwana, ni wewe wa Serikali?" akauliza. "Siku hizi Bula Matari inatuma hata sisi weusi?"

Jamani, hapo ndipo. Neno moja tu, "hapana," lingenifikisha nyumbani kwa miguu yangu, nimechafuka lakini mtu huru. Mimi nikakohoa. Sikusema ndiyo, Mungu shahidi wangu, nilikohoa tu nikaiweka kofia sawa.

Kikohozi kile kikanipatia kuku wawili, mayai katika kikapu, na kipoyi. Niliambiwa kijiji kinachofuata kwenye njia ya Kabambare ni mwendo wa saa mbili, na kijiji hicho, wenzangu, ndicho kilichokuwa kwetu. Nilijiona tayari: mama amesimama mlangoni, majirani wamejipanga, na mimi juu. Nikapanda, begi na kuku vikining'inia kwenye fito.

Wabebaji walikuwa wanne, na kiongozi wao alikuwa Muzee Sumaili, mtu mfupi mwenye mabega kama kizingiti cha mlango. Tulipouacha uwanja wa kijiji akaanza kuimba kwa Kibangubangu, wenzake wakiitikia. Mnajua desturi ya wabebaji: Mzungu hasikii lugha, basi humwimba anavyostahili, naye juu anatabasamu akidhani anasifiwa. Mimi nilikuwa nasikia kila neno, maana lugha hiyo ndiyo niliyonyonya kwa mama.

"Mzigo huu una miguu!"

"Lakini hautembei!"

"Una mdomo!"

"Hausemi!"

"Baba yake nani?"

"Hatumjui!"

Nikatabasamu. Ningefanya nini? Kukasirika ni kukubali kwamba naelewa, na kuelewa ni kukubali kwamba mimi ni mwana wa Mbangubangu ninayebebwa na baba zangu. Waliiimba pua yangu, wakaimba uzito wa makalio yangu, wakauliza kama kola ile ni kamba ya mbuzi. Jasho likanitoka, na halikuwa la jua. Ndipo nikaanza kuwaza mambo ambayo mtu mwenye diploma angeyawaza kabla ya kupanda: kwamba mtu anayejifanya wa Serikali hufungwa, na kabla ya kufungwa hulazwa chini mbele ya watu akala fimbo, na mtu aliyekula fimbo hapewi kazi hospitali yoyote ya Wabelgiji, hata awe na mihuri kumi.

Tukafika kwenye kijito kilichofurika. Daraja lake lilikuwa magogo mawili yenye utelezi. Katikati, mguu wa mbebaji wa nyuma ukateleza, kipoyi kikalala upande, nikayaona maji ya kahawia yakizunguka chini yangu, na sauti iliyonitoka haikuwa ya Serikali. Nilimlilia mama yangu, kwa Kibangubangu safi, kwa sauti ya mtoto anayefukuzwa na jogoo.

Wakavuka salama. Hakuna aliyeimba tena. Nilizisikia nyayo zao nane tu kwenye tope. Baada ya muda Muzee Sumaili, bila kugeuka, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Bwana wa Serikali, mama yako anaitwa nani?"

Nikaishika kofia kwa mikono miwili. Naye akaanzisha wimbo upya:

"Mzigo huu una miguu!"

"Lakini hautembei!"

"Kumbe una mama!"

"Kumbe!"

Nilikuwa nimefungua mdomo niwaombe wanishushe, wallahi nilikuwa nimeufungua, pale tulipokata kona ya mwisho. Kijiji chetu chote kilikuwa uwanjani kimepanga mstari, wanaume wamevua mashati, wanawake na vitambaa vyao, na mbele yao meza, na nyuma ya meza Mzungu mwenye koti jeupe, na kando yake askari wawili. Alikuwa daktari wa malale, ule ugonjwa wa mbung'o unaomlaza mtu mpaka afe. Ndiye mtu wa Serikali aliyengojewa kule kwa kapita, ila alikuwa amebadili njia akaja kwa upande wa Kabambare. Na mimi nikawatokea nimekaa kwenye kipoyi chake.

Muzee Sumaili akasema kwa pumzi moja, "Lala. Kufa." Nikalala. Mkono wake ukaivuta kofia kichwani mwangu.

"Hii kipoyi iko yangu," Daktari akasema. "Nani iko ndani?"

"Mugonjwa, Bwana," Sumaili akajibu. "Tulikuwa tunakuletea kipoyi chako, njiani tukamukuta ameanguka. Tukasema, tumupeleke kwa Bwana."

"Na kofia?"

"Ya kutapikia, Bwana." Akanishikia kofia mdomoni. Watu wote wakanitazama. Nilitapika, ndugu zangu, na wala sikuhitaji kujilazimisha.

Daktari akaja akanishika shingo. Vidole vyake vikakuta ule uvimbe wa kola, kulia na kushoto, akatikisa kichwa. "Tezi," akasema. "Malale. Sindano ya mugongo."

Sasa nisikilizeni. Mtu mwingine angeogopa sindano kwa sababu haijui. Mimi nilikuwa nimeishika mwenyewe kule Tabora! Nilijua urefu wake. Nilijua inaingia wapi kati ya mifupa ya uti, na kwamba anayetikisika anaweza asitembee tena. Nilijua pia kwamba ukikutwa na malale unapelekwa kambi ya wagonjwa, na dawa yake wakati ule iliwapofusha wengine macho. Wakanilaza kwenye mkeka kwa ubavu, magoti kifuani, askari akaishusha suruali yangu ya ng'ambo mpaka magotini, na makalio yangu yakaelekea moja kwa moja kwenye mstari wa kijiji chetu. Nikasikia mwanamke mmoja akisema, "Eh! Huyu si mutoto wa Mwavita?" Mwavita ndiye mama yangu. Alikuwa wa sita kwenye mstari, mkono mdomoni, hajaniona miaka mitano, na nilivyomrudia ndivyo hivyo.

Sindano ikaingia. Na hapo hapo Daktari akaliona kopo.

"Hii iko nini?"

Mimi meno yameumana. Kopo likifunguliwa, nimekwisha: diploma inasema mimi ni muuguzi, na muuguzi anayejifanya mgonjwa ndani ya kipoyi cha Serikali ana maelezo ya kutoa. Sumaili akaniokoa tena, au tuseme akaniua tena:

"Hirizi, Bwana. Dawa ya kwao."

"Malale haiponi na hirizi," akasema Daktari kwa hasira. "Tupa mu moto."

Askari akaikata kamba. Hatua tatu kutoka kichwani kwangu palikuwa na mafiga, na sufuria ya kuchemshia sindano, na moto mzuri wa kuni kavu. Akalitupa humo. Niliona bati likianza kubadilika rangi. Miaka mitano ya kufagia na kuosha vidonda, na mimi sindano imo kwenye uti wa mgongo, siwezi kunyoosha hata kidole, na nikisema neno nafungwa. Machozi yalinitoka kwa ubavu, yakaingia sikioni.

Ndipo mama akatoka kwenye mstari.

"Rudi!" askari akafoka.

"Moto wa Bwana unazimika, baba," mama akasema, mnyenyekevu kabisa. "Acha nichochee."

Nani atamkataza mwanamke kuchochea moto? Akachutama mbele ya mafiga, akasukuma ukuni mmoja, akauvuta mwingine, akapuliza, na kopo likabingirika likatoka upande wake. Akalishika kwa mkono mtupu, akaliingiza chini ya kitambaa chake, akalikalia. Bati la moto! Hakusema hata "ah". Alikaa hapo, uso mkavu, anaongeza kuni mojamoja, muda wote Daktari alipokuwa ameinama juu ya darubini yake akiyatazama maji ya mgongo wangu. Sijui ni nani kati yetu aliyeteseka zaidi. Ninajua, lakini mniache niseme sijui.

Mwishowe Daktari akainua kichwa. "Hapana kitu. Wewe iko muzima. Toka."

Kijiji kikashangilia kwamba nimepona. Sumaili akapaaza sauti kuliko wote: "Dawa ya Bwana iko kali!"

Baadaye, kichwa kikiniuma kama kinapasuliwa (sindano ile huacha maumivu hayo, hata hilo nilikuwa nalijua), nilimfuata kumshukuru.

"Kunishukuru kwa nini?" akasema. "Kama angejua, sisi wanne pia tungelala chini. Nimeokoa makalio yangu. Yako yalijitokeza yenyewe."

Kesho yake Daktari akaondoka juu ya kipoyi kile kile, akitabasamu, na wao wanamwimba kwamba ana miguu lakini hatembei. Mama akanifungulia kopo kwa mkono uliofungwa majani. Muhuri ulikuwa mzima. Palipokuwa jina langu palikuwa na kaa jeusi, ukiligusa linamomonyoka.

"Umesoma nini huko?" akaniuliza.

"Kutibu watu, mama."

"Basi anza na huu mkono." Nikauosha, nikaufunga. Alipoona nimefunga vizuri akanionyesha wale kuku wawili wa kapita. "Na hawa utawarudisha. Kwa miguu."

Niliwarudisha, wamekaa kichwani pangu pale palipokaa kofia. Kapita alipokea kuku wake, akanitazama kichwa wazi, akakohoa.

Kwa diploma isiyo na jina hakuna aliyeniajiri, basi nikaingia shule ya wauguzi hapa Kasongo, nikaanza upya na vijana walioniita baba, na safari hii nikatoka wa kwanza. Zote mbili ziko ukutani kwangu, njoni mzione. Watu huisifu ile yenye jina. Mama, kila alipokuja, aliipangusa ile yenye kaa, kwa mkono ule wenye kovu.

Tangu siku ile sijakaa juu ya bega la mtu, hata nilipovunjika mguu nilitembea kwa mkongojo mpaka hospitali, na mtu akinidhania mtu mwingine, sikohoi, nasema hapana kabla hajamaliza kuuliza. Najua iko siku moja nitabebwa tena na wanaume wanne, na siku hiyo sitakuwa na la kusema. Nawaomba jambo moja tu: njiani msiniimbie diploma. Imbeni kwamba mzigo huu ulikuwa na mama.