Sakafu ya Namnyaki, jina la shemeji

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Momela, kwenye miteremko ya Mlima Meru, bado haujaamua kuondoka. Namnyaki Loserian amepiga magoti juu ya ubao, kitenge kimefungwa kiunoni, mwiko uko pembeni. Mbele yake kuna zege lililomwagwa saa mbili kwenye ua wa nyumba ya wageni. Analigusa kwa kidole gumba, anakiinua, anakitazama.

"Bado," anasema. "Linatoa jasho. Mtu asiliguse."

Zege likishamwagwa, maji hupanda juu kwanza. Yakikauka ndipo hunyunyizwa unga wa rangi, kisha moldi za mpira hukandamizwa juu yake, na sakafu inatoka na sura ya mawe ya mlimani. Ukiwahi, rangi inageuka uji, na mvua za msimu mmoja zinaibandua. Ukichelewa, moldi hazizami. Katikati hapo kuna kama robo saa, na mama huyu wa miaka arobaini na tisa, mkazi wa Kimandolu, anakula kwa hiyo robo saa.

Moldi ni zake. Alizimimina mwenyewe kwa kufuata sura ya mawe ya ukuta wa zizi la baba yake, huko magharibi ya Meru. Wageni wanaolala hapa wanakanyaga zizi la mzee Loserian na hawana habari. Na fundi aliyeandikwa kwenye kandarasi? Philemoni.

Philemoni ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Ana simu mbili, na viatu ambavyo havijawahi kuonja saruji.

"Yeyo ndiye aliyenifundisha," anasema Namnyaki, akimtaja mama yake kwa lugha ya kwao. "Kwetu nyumba anapaka mwanamke. Udongo na samadi, kwa kiganja, mpaka ukuta unateleza. Ilipokuwa samadi, hakuna mwanamume aliyetaka kuinusa. Ilipokuja saruji yenye hela ndani yake, loo! Ghafla ni kazi ya wanaume."

Mjini alianza kwa kubeba maji ya fundi mmoja wa sakafu za terazo wa Ngarenaro, marehemu Shomari. Siku moja Shomari alimkuta analainisha zege lililobaki kwa kiganja, akampa mwiko wake wa pili.

"Mungu amrehemu yule mzee. Hakuuliza mwanamke anatafuta nini hapa. Aliuliza, umejifunza wapi?"

Wengine waliuliza. Miaka sita iliyopita alikwenda kuomba kazi ya ua wa nyumba moja Kimandolu, amebeba vipande vya sampuli kwenye kikapu. Mwenye nyumba alivisifu kimoja kimoja, akavigeuza hadi nyuma, kisha akachungulia barabarani.

"Akaniuliza, 'Sasa fundi mwenyewe yuko wapi?' Nikamwambia ndiye mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilirudi nyumbani nikamwambia shemeji, njoo usimame mbele yangu. Mimi ndiye niliyemwita. Sina wa kumlaumu."

Tangu siku hiyo Philemoni anasimama, Namnyaki anapiga magoti. Analipwa elfu ishirini na tano kwa siku, kama kibarua mwingine yeyote mwenye bahati.

Ila leo si siku ya kawaida. Mwenye nyumba ya wageni, Frederick, anataka kujenga vijumba vinane, kila kimoja na baraza lake la nakshi, na leo anakuja kukagua. Akiridhika, kandarasi inaandikwa hapa hapa. Philemoni ameapa mbele ya mama yake mzazi kwamba safari hii majina yatakuwa mawili.

"Sitaki kingine," anasema Namnyaki. "Jina langu kwenye karatasi. Mwingine akiniuliza fundi yuko wapi, namfunulia hiyo karatasi."

Frederick anafika, mtu mchangamfu, koti zito, anasalimia kila mtu. Anazunguka ua, anapapasa kwa soli ya kiatu sehemu zilizokwisha kukauka, anatikisa kichwa kwa furaha. Halafu anamgeukia Philemoni.

"Bwana Philemoni, kila nikija nakukuta umesimama. Leo nataka niuone mkono wako."

Philemoni anacheka. Anatazama simu. Anaokota ndoo ya rangi.

"Shemeji, bado," Namnyaki ananong'ona.

"Wanawake bwana!" Philemoni anamwambia Frederick. "Saa moja na nusu imeshapita tangu limwagwe."

Ngarenaro, jua likiwaka, saa moja na nusu inatosha. Momela, ndani ya ukungu, zege halina habari na simu ya mtu. Philemoni anarusha unga kama anayelisha kuku. Unatua juu ya maji, unaloa, unageuka tope jekundu.

Frederick anakunja uso. "Ndivyo inavyokuwa?"

Hapo ndipo Namnyaki angeweza kukaa tu. Mikono yake ingebaki mapajani, na Momela nzima ingejua nani fundi na nani viatu.

Anapiga magoti. Anakwangua tope lote kwa ukingo wa mwiko, anakausha maji kwa gunia, anangoja. Anagusa kwa kidole, anangoja tena. Nusu saa nzima inapita. Kisha ananyunyiza rangi, analainisha, anapanga moldi, anazikanyaga moja baada ya nyingine. Anapozinyanyua, mawe ya zizi yapo pale, na nyufa zake zote.

"Safi sana!" Frederick anampiga Philemoni begani. "Huyu mama msaidizi wako ana mikono mizuri. Mwongezee kitu kidogo."

Kandarasi inasainiwa juu ya boneti ya gari. Jina moja. Namnyaki anapouliza, Philemoni anajibu bila kumtazama: "Shemeji, leo haikuwa siku yake. Ungetaka mzee aanze maswali?"

Mwandishi wa makala haya anamuuliza Frederick kama angempa mama huyu hata baraza moja. "Mama anajua kumalizia," anasema kwa upole. "Lakini kandarasi ni kandarasi."

Kwa nini Namnyaki hakuliacha zege liharibike?

"Wallahi sikumwonea huruma Philemoni," anasema, na machozi yanamtoka, anayafuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vina rangi. "Nililionea huruma zege. Zege lilikuwa limekosa nini?"

Mpango wake ni mmoja. Moldi anarudi nazo Kimandolu leo, na hazitatoka uvunguni mwa kitanda mpaka jina lake liandikwe. Philemoni amemwambia zinauzwa Nairobi, atanunua.

"Anunue. Siku ya kijumba cha kwanza nitakuja na nguo za kanisani. Nitamwambia mzee Frederick, nimekuja kutazama. Philemoni akirusha rangi mapema, natazama. Magoti haya hayashuki tena, naapa."

Manyunyu yanaanza. Philemoni na Frederick wamekwishaingia ndani, harufu ya nyama choma inatoka jikoni. Kwenye ua sakafu mpya imelala wazi, na nailoni ya kuifunika imekunjwa ukutani, hakuna aliyeikumbuka.

Namnyaki anaitazama nailoni. Anatazama mlango.

"Litaharibika," anasema, anaikunjua nailoni, na anapiga magoti.