Nyati wa Kona Ileile

Miaka ya tisini nilikuwa dereva wa watalii Karatu, kijana niliyetoka Kilimanjaro na leseni mpya na majivuno ya zamani. Mwaka wangu wa kwanza, asubuhi ya ukungu juu kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, nyati dume alitokea kichakani kwenye kona moja. Nikakanyaga breki. Chupa ya chai ya mgeni ikanimwagikia mapajani.

Tangu siku hiyo, kila nilipofika kona ile mguu ulikanyaga breki wenyewe, nyati awepo asiwepo. Kwa kuwa sikuweza kuwaambia wageni kwamba naogopa, nilitunga maelezo. "Hapa ndipo nyati wanapovukia," nilisema kwa sauti ya mtaalamu, nao wakatoa kamera wakapiga picha majani.

Wengi waliridhika. Hakuridhika daktari mmoja mwanamke, mgeni aliyekaa kiti cha mbele siku tatu mfululizo. Siku ya pili, nilipobreki tena, aliniuliza taratibu, "Umeshaona nyati wangapi hapa?"

"Wengi, madam."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Akanieleza kwamba kwao anafanya kazi na mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini. Mtu analazwa ndani, anaonyeshwa taa, kisha anasikia mlio. Taa, mlio, taa, mlio. Baada ya muda, taa ikiwaka tu, sehemu ya ubongo inayosikia inaanza kazi kabla mlio haujatoka.

"Ubongo haukai kungoja habari," alisema. "Unaenda kuilaki njiani. Wako unamlaki nyati."

Jioni nilimsimulia mke wangu kama mtu aliyetunukiwa cheti. Alikuwa akichambua maharage.

"Huo ubongo unaojua ya mbele," alisema bila kuinua macho, "haukujua kwamba leo mafuta ya taa yanaisha?"

Kesho yake niliamua kuushinda. Tulipokaribia kona niliuondoa mguu kwenye pedali kabisa, nikaukunja kama kuku aliyesimama matopeni. Tukapita. Hapakuwa na nyati, wala breki haikuguswa. Nikamgeukia daktari nione kama ameushuhudia ushujaa wangu, na gari likaingia mtaroni.

Tuliokolewa na Wamasai wanne waliokuwa wakiswaga ng'ombe kando ya barabara. Wao walisukuma, mimi nikakanyaga mafuta, magurudumu yakawarushia tope. Gari lilipotoka, mkubwa wao alijifuta uso akaniuliza, "Dereva, ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa nauzuia mguu usimwogope nyati."

"Nyati yuko wapi?"

"Hayupo, mzee."

Akawatafsiria wenzake kwa Kimasai, na ilibidi arudie mara mbili. Walicheka wakiwa wameegemea fimbo zao, daktari naye akacheka, mpaka mmoja wao alipogundua kwamba ng'ombe wameshatokomea ukunguni. Wakaondoka mbio kuwafuata.