Aliyemlilia Baba Yake kwa Kijapani

Amefariki jirani yangu wa mtaa wa Saio, yule binti ambaye mtaa mzima ulimwita Mujaponé, yaani Mjapani, na ambaye wengi wenu mlinunua samaki wake wa kutoka ziwani Tchomia bila kujua kwamba mwenye meza ile alikuwa na shahada ya chuo. Malaria ilimpanda kichwani, akalazwa siku nne, na ya tano tukaambiwa tutafute turubai la kilio. Hakuwa rafiki yangu wa karibu. Nilikuwa mteja wake na wa mama yake, nilimjua baba yake, na kwa kuwa mimi huandika gazetini, familia ilinipa kazi ambayo hapa Bunia hupewa mtu wa kalamu kila msiba unapotokea: kunyoosha ile karatasi ya maisha ya marehemu inayosomwa mbele ya watu kabla ya jeneza kutoka nyumbani. Nikaisoma mara mbili. Kuzaliwa kijijini Fataki kulikuwamo. Ubatizo ulikuwamo, na kukimbia vita, na shule, na chuo, na biashara ya samaki. Semesta yake ya Japani haikuwamo.

Nikamuuliza baba yake mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu kaka yake afe.

"Tuliiruka makusudi," akasema. "Ile mambo ilituletea haya. Mutu kulilia baba yake mu luga ya wageni, ile haikuwa kilio. Weye andika masomo yake na batizo yake, watu wasikie vizuri, tumuzike."

Nikamjibu kwamba nitafikiri. Kusema kweli nilikuwa nimekwisha kufikiri, ila si adabu kumbishia mfiwa ambaye hata kuketi hajaketi. Nilikataa, na leo nawaeleza kwa nini nilikataa, mtake msitake.

Alipokuwa chuoni alipata nafasi ya kwenda kusoma Kijapani kulekule Japani, semesta moja, miezi minne, gharama zote juu ya wenyeji. Masomo yenyewe yalikuwa ya kumzamisha mtu ndani ya lugha mpaka aogelee. Siku ya kwanza kila mwanafunzi alitia sahihi karatasi ya kuahidi kwamba mpaka siku ya mwisho atasema Kijapani tu, darasani, mezani, njiani, hata kwenye simu. Nyumbani alikuwa akituma picha tu, bila neno. Akikosa neno aliruhusiwa kuonyesha kwa kidole, lakini huyu wetu hata kidole hakukitaka. Alinisimulia kwamba wiki nzima ya kwanza alikula mayai bila chumvi, na chupa ya chumvi iko mbele yake, kwa sababu jina lake alikuwa hajalijua na kunyoosha kidole aliona ni kudanganya. Bibi wa nyumba alimopangishwa alidhani ni mwiko wa dini yetu, basi na yeye kwa heshima akaacha kula chumvi. Walikaa hivyo, wanawake wawili wakitafuna mayai chapwa na kutabasamiana, mpaka neno lilipofundishwa darasani.

Ukaidi huo hakuuokota Japani. Baba yake alikuwa mkulima aliyekimbia vita vya makabila huko Fataki asubuhi ya kupanda, nusu ya maharagwe yakiwa ardhini na nusu kwenye kikapu, na hakurudi tena kuona kama yale ya ardhini yaliota. Siku tulipomsindikiza binti uwanja wa ndege, mzee hakutoa hotuba. Alimshika mkono, akamwambia, "Siye tuliacha shamba nusu. Weye ukianza kitu, usikiachake nusu, hata kukuwe nini." Nilikuwa nimesimama karibu nao. Niliona ni maneno ya kawaida ya mzazi, kumbe binti alikuwa anatia sahihi ya kwanza palepale, kabla ya ile ya Wajapani.

Wiki ya nane, mzee akafariki ghafla. Sasa, mnajua desturi yetu. Mtoto aliye mbali hupigiwa simu, simu inawekwa sauti ya juu katikati ya ua, wanawake wananyamaza kidogo, naye analia na kumwita marehemu ili watu wote washuhudie kwamba amelia. Asiyelia hivyo husemwa miaka. Mimi ndiye niliyeshika simu, maana yangu ilikuwa na sauti kubwa kuliko zote pale uani. Akapokea, akaambiwa habari. Kisha akaanza kusema, polepole, maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyaelewa.

"Iko nasema nini?" shangazi yake akauliza.

"Ule wamemuloga kule," mwingine akajibu.

Shemasi mmoja aliyekuwa anasinzia kwenye kiti akadhani ni kunena kwa lugha, akaitikia amina, na wawili watatu wakamfuata. Mama wa binti alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, macho kwenye ile simu. Baba mdogo akanitazama, nami nikaelewa anachotaka. Nikakata. Ndiyo, ni mimi. Nilikata kilio cha mtoto kwa baba yake kwa sababu niliwaonea haya majirani, na katika miaka yote ninayowahubiria ninyi hapa juu ya ujasiri, jambo hilo sikuwahi kuliandika.

Aliporudi, aibu ilimsubiri mlangoni. Wakamwita Mujaponé, na halikuwa jina la sifa. Alipomaliza chuo na kukosa kazi, kama wengi wenye vyeti walivyokosa, akaketi na mama yake kwenye meza ya samaki, basi watu wakapata kicheko kipya: hivi Kijapani kinauza samaki? Yeye hakutikisika. Mteja akimwambia kwa dharau aseme kidogo Kijaponé, alimtajia bei kwa Kijapani, taratibu, kama mwalimu. Mteja akiomba apunguziwe, alimjibu, "Anayetaka nipunguze, aombe na yeye mu Kijaponé." Sikumbuki aliyewahi kupunguziwa.

Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kumuuliza. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, hakuna wateja wengine, mama yake ameenda kuteka maji.

"Ile siku ya kilio ya muzee, ulisemaka nini?"

"Maneno yenye nilikuwa nayo," akasema, huku akipanga samaki. "Baba yangu ni mulimaji. Anaamukaka asubui mapema. Anapendaka maharagi. Iko na watoto tano. Nilirudilia vile tu. Sikukuwa na ingine."

"Na juu ya nini hukulia mu luga ya kwenu? Nani angekukataza?"

"Mwalimu pia aliniuliza vile. Alinikaripia na machozi, akasema ile sheria haikukuwa ya siku ya kifo. Lakini kwenye karatasi haikuandikwa vile, na papa alikuwa ameniambia." Akageuza samaki mmoja. "Na tena, nikuambie? Ile ndio luga ya kwanza nilisemaka bila mutu kuniangalia juu ya kujua niko wa upande gani. Nilitaka nimulilie papa vile, mara moja. Kama mutu tu."

Nikamwambia kwamba aliyekata simu ni mimi.

"Najua," akasema. "Niliendelea tu mpaka nikamaliza."

Nilirudi nyumbani na samaki wangu nikiwa nimelowa aibu kama aliyenyeshewa, na mvua haikunyesha siku hiyo.

Nakubali, kilio kile cha Kijapani kilikuwa kosa. Hakuna mwalimu duniani ambaye angemfukuza kwa kumlilia baba yake katika lugha ya mama yake. Mtu mwingine angejua hivyo bila kuambiwa, kwa sababu mtu mwingine amezoea sheria zenye mlango wa nyuma. Huyu alilelewa na mzee asiye na mlango wa nyuma. Ahadi ni deni, tunasema sote, kisha mmoja akiilipa yote tunamwita kichaa. Na aibu ninayoiona mimi si ile anayoiona baba mdogo. Naona haya kwamba hapa kwetu mtu hamalizi salamu kabla hatujamsikiliza lafudhi, tukamtafutia kijiji, tukamtafutia ukoo, tukaamua kama tumkaribishe kiti. Binti alilazimika kuvuka nusu ya dunia ili apate kinywa ambacho hakikumpeleka upande wowote, na sisi tukasema amerogwa.

Bado wananiuliza Kijapani kilimfaa nini. Nimechoka na swali hilo, na nitasema wazi kwamba wanaoulizwa ni watu wetu tu. Kijana wa Ulaya akija hapa miezi minne kujifunza kucheza ngoma zetu, twampigia makofi na kumpa jina la nyumbani, wala hakuna anayemuuliza ngoma itampa kazi gani akirudi kwao. Lakini mtoto wa waliokimbia vita akijifunza kitu kisicholiwa, amepoteza wakati. Aliyekimbia, kwa akili zetu, ana haki ya turubai, sufuria na sabuni, na baada ya hapo afunge mdomo ashukuru. Akitaka kitu kwa sababu ni kizuri tu, anakuwa na kiburi. Basi na awe na kiburi. Mimi nilimwona akisoma kitabu chake cha Kijapani kwenye meza ya samaki, midomo inacheza, nzi wakitua kwenye ukurasa, na sijaona mtu Bunia hii aliyeihitaji huruma yangu kidogo kuliko yeye.

Siku ya maziko ua ulijaa mpaka barabarani. Nilisimama na karatasi, nikasoma Fataki, nikasoma ubatizo, nikasoma shule. Kisha nikasoma mistari ambayo nilikuwa nimeiongeza kwa mkono wangu: "Alisoma Kijapani huko Japani miezi minne. Baba yake alipofariki alimlilia kwa lugha hiyo, kwa sababu alikuwa ameahidi, na alilia mpaka akamaliza." Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Baba mdogo akaja mbele, akanyoosha mkono kudai karatasi, nami nikaishika kwa mikono miwili kama mtoto anayenyang'anywa mkate. Tulisimama hivyo, wazee wawili, mbele ya jeneza.

Ndipo mama yake akainua kichwa.

"Rudilia pale," akaniambia.

Nikarudia. Safari hii hakuna aliyeguna, na baba mdogo akarudi kuketi.

Sasa nawaambia nyote mnaonifahamu, maana misiba haiishi, na njia ya kuifikia kalamu yangu mnaijua. Mkiniletea karatasi ya marehemu wenu, nitawanyooshea Kiswahili, nitawanyooshea na Kifaransa. Marehemu mwenyewe sitampunguza hata kidogo.