Maji ya Miche

Wiki hii tulipanda miti mlimani, kule Pito. Mgeni rasmi alihutubia mpaka jasho likamtoka: "Tunatunza mazingira ili wajukuu wetu wapate maji!" Tukapiga makofi, tukapanda, tukapigwa picha. Kisha soda na maandazi vikafika, na mikono yetu ilikuwa tope tupu.

Mama mmoja alikuwa amepandisha ndoo ya maji kichwani kutoka bondeni, ya kumwagilia miche. Tukamzunguka, tukanyoosha mikono. Akatunawisha mmoja mmoja, mpaka ndoo ikabaki tupu.

"Sasa na miche je, jamani?" akauliza.

"Mvua itanyesha, mama," akajibu mheshimiwa, andazi mdomoni.

Sote tukatazama chini. Udongo wa kule unanata. Mimi nilikuwa nimenawa mara mbili.