Ng'ombe wa Anti Edina

Kila shehena ya ngozi inapofunguliwa kiwandani kwangu Morogoro, hewa yake hunipiga puani: chumvi, dawa, na chini yake kitu kama damu ya zamani. Wafanyakazi hudhani nimesimama pale nakagua. Ni kweli nakagua, na hakuna mtu mjini hapa anayezijua ngozi kunishinda. Stashahada yangu niliisomea Guangzhou kwa fedha zangu mwenyewe, bila mjomba wala mbunge, nayo inaning'inia ofisini kwa wasioamini. Lakini kabla ya ukaguzi huwa natafuta chapa, ile alama ya moto ambayo mfugaji humwekea ng'ombe wake. Nikiiona, huiweka ngozi hiyo kando kwanza mpaka moyo utulie. Leo nitawaambieni sababu.

Mara ya kwanza kufika Guangzhou nilikuwa na miaka kumi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mama alinunua viatu kwenye masoko ya Liuhua, karibu na stesheni ya reli, akavisafirisha Dar es Salaam. Mimi aliniingiza shule ya mtaani, na ndani ya miezi michache nikawa nabishana na wauzaji kwa Kichina hadi wakacheka. Wafanyabiashara wazima waliniazima kwa Mama ili niwatafsirie. Sijisifu bure, wapo wanaokumbuka.

Aliyeniazima zaidi ni Anti Edina. Baba yake alikuwa na ranchi ambayo, walisema, ukiingia asubuhi kwa gari unatokea upande wa pili jua limepinda. Alipofariki alimwachia binti yake wa pekee, akawaruka watoto wa kiume. Kaka hawakumsamehe. Anti naye hakukaa kugombana. Alikwenda Nairobi, Dubai, kisha Guangzhou, akapanga chumba katika hoteli moja ya Liuhua na kuishi kama sherehe. Hakurudia gauni. Alivaa kofia nyekundu pana hata ndani ya lifti. Kila Jumapili mchana aliwaalika Watanzania wote wa pale, wachuuzi na wanafunzi, Waislamu na Wakristo, wakala mbavu alizowafundisha wapishi wa hoteli kuzichoma. Mama alimtania, "Bibi Ranchi, utatuharibu, tukirudi kwetu dagaa hawatapita kooni." Naye alicheka kwa sauti nene, akijipiga paja.

Siku moja ya machipuko alinichukua kwa gari la kukodi hadi Shiling, mji wa mikoba. Alitaka ngozi ya mkoba mmoja usiofanana na wa mtu mwingine. Laoban, ndivyo mwenye duka huitwa kule, alitufungulia rundo moja baada ya jingine. Anti alizipitisha mkono haraka haraka. Ghafla mkono ukasimama.

Ngozi ile ilikuwa na chapa: duara lenye pembe mbili, na chini yake mistari miwili mifupi.

"Muulize imetoka wapi," aliniambia polepole.

"Afrika," laoban alijibu. "Ya bei ya chini hiyo, moto umeiharibu. Mwambie huyu mama mkubwa asiishike sana, nitampa nyingine safi."

"Mwambie nataka hiihii."

Njiani alinieleza, akitazama dirishani kana kwamba anamsimulia mtu aliyekuwa nje. Kwao, mtoto akizaliwa hutengewa mtamba. Duara na pembe ni chapa ya ukoo. Ile mistari chini ni ya mtoto mwenyewe, haifanani na ya mwingine; ile miwili ilikuwa yake. Ng'ombe huyo hauzwi, hachinjwi. Akizeeka, alama humwendea mtamba wa uzao wake, na hivyo hivyo, maisha yote ya mwenyewe.

"Na hachinjwi kabisa, Anti?"

"Huchinjwa siku moja tu," alisema. "Siku ya kumzika mwenyewe. Wafiwa wanamla."

Nilisogea mlangoni. Ngozi ilikuwa katikati yetu imekunjwa, na kila gari liliporuka tuta ilijifungua kidogo.

Chumbani mwake aliitandika juu ya kiti, akaketi kando yake na kupiga simu. Ilikuwa alasiri; kwao ilikuwa asubuhi. Siku zile hewa ya joto yenye unyevu ilikuwa imeingia mjini, kuta zilitoa jasho, na maji yalichuruzika taratibu kwenye marumaru bila mvua kunyesha. Simu ilipopokelewa niliisikia sauti ya mwanamke, nyembamba kama inayotoka kwenye chupa.

"Haloo? Nani?"

"Edina."

Nilisikia jogoo huko mbali, na mtoto akikohoa. Kisha ile sauti ikarudi ikitetemeka.

"Wifi, pumzika. Tulikulilia, ng'ombe wako tulimla. Nakuomba usitufuate."

Simu ikakatwa.

Anti alibaki na mkono wa simu sikioni. Hakulia. Alivua kofia, akaiweka juu ya ile ngozi, akaenda kusimama mbele ya kioo kikubwa cha kabati. Kisha akaninyooshea mkono bila kugeuka.

"Rehema, njoo unishike. Niambie, mwanangu. Mimi niko hai?"

Nilitazama kioo. Alisimama mbele yake, mwili mzima, lakini ndani ya kioo hamkuwa na Anti Edina. Hamkuwa na uso wala gauni. Kulikuwa na weupe tu, kama maziwa yaliyomwagika.

Nilikimbia. Nilishuka ngazi zote kwa miguu, nikavuka barabara katikati ya wapagazi na marobota yao, nikamkuta Mama akibishania bei ya kandambili.

"Una nini? Nani kakugusa?"

"Anti hayupo kwenye kioo," nilisema. "Kwao wameshamzika. Ng'ombe wake wameshamla."

Mama, ambaye alicheka kila kitu, hakucheka. Mwenzake wa Unguja, aliyesimama pale na mifuko yake, alishika tama na kusema, "Mtoto hadanganyi jambo kama hilo." Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika mabweni ya wanafunzi.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyekwenda. Wachuuzi walikuwa na mizigo ya kufunga. Wanafunzi, watu wa sayansi wale, walikumbuka kwa pamoja kwamba wana mitihani. Mhudumu wa hoteli alituambia baadaye kwamba Anti aliketi kwenye ile meza ndefu tangu saa sita hadi saa kumi, mbavu zikiganda mafuta, akisimama kila mlango ulipofunguliwa. Katikati ya wiki alihama. Alikokwenda sijui. Nilipokuwa sekondari tulisikia ranchi imeuzwa, na kaka zake walitia saini kama warithi wa marehemu.

Miaka mingi nilijiona nina bahati kuponyoka mkono wa mzuka. Hata nilijivunia; si kila mtu ana kisa kama hicho. Kisha nikarudi Guangzhou mtu mzima, kusomea hii kazi yangu. Machipuko ya kwanza, asubuhi moja, niliamka bwenini nikakuta kuta zinatoa jasho. Nilikwenda kupiga mswaki, nikanyanyua macho kwenye kioo. Weupe mtupu. Nilikipangusa kwa kiganja, nikatokea mimi, na povu mdomoni.

Nilikaa sakafuni kwenye maji yale, nikajiuliza jambo ambalo mtoto yule mwerevu, mkalimani wa watu wazima, hakujiuliza. Siku ile chumbani tulikuwa wawili mbele ya kioo. Nilitazama nikaona Anti hayumo, nikakimbia kuutangazia ulimwengu. Sikuona kwamba na mimi simo.

Kaka zake walikuwa mbali, na walichokuwa nacho cha kumfanya marehemu ni ng'ombe tu. Anti alikuwa bado na meza nzima ya watu wa kumwita kwa jina lake. Alinyoosha mkono kwa mmoja wao apate jibu la neno moja, na jibu lile nililijua kwa lugha mbili.